Pete ya Umeme: Namna ya Kuongeza Soketi Nyumbani Pasipo Kuleta Hatari

Jioni moja ya mwezi wa Julai, wakati baridi ya Nairobi ilipokuwa kali, mwandishi wa makala hii alikuwa mgeni nyumbani kwa rafiki yake. Tulipokuwa tukingojea chai, harufu ya kitu kiunguacho ilitujia puani. Mama wa nyumba alikimbilia jikoni akidhani ya kuwa maziwa yamefurika, akayakuta salama. Tukatafuta huku na huku, hata mtoto wao mdogo, aliyekuwa akicheza sakafuni nyuma ya kiti, akasema, "Baba, ukuta huu una joto." Baba yake aliweka mkono juu ya soketi iliyokuwa mahali pale, akauondoa upesi. Plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, na plasta iliyoizunguka ilikuwa moto kama chungu kilichoepuliwa mekoni sasa hivi. Rafiki yangu alikwenda mbio akazima swichi kuu, na usiku ule tulikula kwa mwanga wa mshumaa.

Asubuhi yake aliitwa fundi mzee wa stima. Alipoifungua soketi ile alitikisa kichwa, wala hakusema neno kwa kitambo.

"Mzee," rafiki yangu akamwuliza, "soketi hii ilikuwa na plagi ya redio tu. Redio yawezaje kuunguza ukuta?"

"Si redio, mwanangu," fundi akajibu. "Soketi hii ni mlango. Birika lako, pasi yako, hita yako na jiko lako la maikrowevu, vyote vilikuwa vikipata umeme kwa kupita mlango huu mmoja. Nawe umejengewa mlango wa mtu mmoja."

"Na breka je? Mbona haikujikata?"

"Breka haikuona kosa. Keti, nikueleze."

Maelezo aliyoyatoa mzee yule asubuhi ile ndiyo tutakayowaeleza wasomaji wetu leo, pamoja na mambo mengine yafaayo kujulikana na kila mwenye nyumba. Maana siku hizi vyombo vya umeme vimezidi majumbani, na soketi zilizotosha jana hazitoshi leo. Watu huita fundi aongeze moja hapa na nyingine pale. Na kazi hiyo, ikifanywa vizuri, ni ndogo na ya salama. Ikifanywa vibaya, yaweza kukaa kimya miaka mingi ndani ya ukuta, na siku moja ikateketeza nyumba na waliomo.

Makala hii haikusudii kumfanya kila msomaji kuwa fundi. Katika Kenya, Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 yataka afanyaye kazi ya kufunga umeme awe na leseni itolewayo na Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, ijulikanayo kwa herufi EPRA. Lakini mwenye nyumba ajuaye kazi ilivyo, huweza kumwuliza fundi maswali ya maana, na fundi mwema hupenda kuulizwa.

PETE ILITOKA WAPI

Kabla ya vita vya 1939 hadi 1945, nyumba za Uingereza zilikuwa na soketi za namna nyingi: za ampea 2, za ampea 5, na za ampea 15, zote zikitumia plagi za miguu ya mviringo. Kwa kawaida kila soketi kubwa ilikuwa na njia yake pekee itokayo penye fyuzi. Nyumba yenye soketi nyingi ilihitaji nyaya nyingi sana, na plagi ya chumba kimoja haikuingia katika soketi ya chumba kingine.

Wakati wa vita nyumba nyingi zilibomolewa kwa mabomu, na shaba ilikuwa haba. Serikali ya Uingereza ikakusanya wataalamu washauriane jinsi nyumba mpya zitakavyofungwa umeme vita vitakapokwisha. Miongoni mwao alikuwamo Bibi Caroline Haslett, mkurugenzi wa chama cha wanawake kilichoshughulikia mambo ya umeme majumbani, naye alikuwa mwanamke pekee katika halmashauri ile. Ripoti yao ilitolewa mwaka 1944, na mwaka 1947 kikatoka kipimo rasmi cha plagi mpya yenye miguu mitatu ya pembe nne. Plagi hiyo ina fyuzi ndogo ndani yake, na soketi yake ina vifuniko vya ndani vinavyofunguka mguu mrefu wa ardhi uingiapo, ili mtoto asiweze kupenyeza msumari kwa urahisi. Ndiyo hiyo itumiwayo hata leo katika Kenya na Uganda, kwa umeme wa volti 240.

Pamoja na plagi hiyo ilikuja ile njia mpya ya kufunga nyaya iitwayo pete.

JINSI PETE IFANYAVYO KAZI

Nyaya hutoka katika sanduku la fyuzi, zikaenda soketi ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, mpaka zimeizunguka nyumba. Halafu hurudi kwenye sanduku lile lile na kufungwa katika breka ile ile zilikotoka. Nyaya ni tatu: waya wa moto, ambao huleta umeme, waya wa kurudisha, ambao mafundi huuita nyutro, na waya wa ardhi, ambao hauna kazi siku zote ila siku ya hatari. Zote tatu hufanya duara kamili.

Faida yake ni hii. Kila soketi hupata umeme kutoka pande mbili, kama kijiji kilicho na njia mbili za kwendea mtoni. Watu wakiwa wengi, wengine watapita huku na wengine kule, wala njia moja haitachakaa. Kwa hiyo waya mwembamba kidogo, wa milimita mraba 2.5, waweza kulindwa na breka ya ampea 32, au fyuzi ya ampea 30 katika nyumba za zamani, ingawa waya huo ukiwa peke yake ndani ya bomba lililozikwa ukutani hauwezi kuchukua zaidi ya ampea 24 hivi kwa salama.

Hapo pana siri kubwa, na msomaji aishike sana. Breka ya pete ina nguvu kuliko waya wake. Jambo hilo ni salama kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba waya huo una njia mbili. Ukiiondoa njia moja, usalama wake wote umeondoka, wala breka haitajua.

Umeme nao haugawanyiki nusu kwa nusu kila mahali. Hupita kwa wingi pale palipo pafupi. Tuseme pete ina urefu wa mita 60, na chombo kinachovuta ampea 25 kimewekwa katikati kabisa. Basi kila upande utachukua ampea 12 na nusu. Lakini chombo hicho kikiwekwa mita 12 tu kutoka sandukuni, upande ule mfupi utachukua ampea 20, na upande mrefu ampea 5. Kwa sababu hiyo si vizuri kukusanya vyombo vizito vyote karibu na mwanzo wa pete au mwisho wake.

Kadhalika pete moja haitakiwi kuhudumia eneo lipitalo mita mraba 100. Nyumba kubwa zafaa kuwa na pete mbili au zaidi, na jikoni, mahali penye vyombo vizito, hufaa sana kuwe na pete yake.

TAWI NA SHERIA YAKE

Mtu atakapo soketi mahali ambapo pete haipiti, fundi huweza kutoa nyaya katika soketi iliyo kwenye pete na kuzipeleka mahali papya. Nyaya hizo ndizo tutakazoziita tawi. Tawi halirudi sandukuni. Lina njia moja tu. Basi tawi lenye waya wa milimita mraba 2.5 halina ile faida ya njia mbili, bali bado linalindwa na breka ile ile ya ampea 32.

Ili pasiwe na hatari, sheria ya tawi ni hii: tawi moja huchukua soketi moja tu, iwe ya plagi moja au ya plagi mbili pamoja. Soketi ya plagi mbili hupimwa kiwandani kwa jumla ya ampea 20 hivi, na waya wa tawi waweza kuzistahimili. Tena hesabu ya matawi isizidi hesabu ya soketi zilizo juu ya pete yenyewe. Na tawi lisitoe tawi jingine.

Neno hili la mwisho ndilo lililovunjwa nyumbani kwa rafiki yangu. Fundi wa kwanza alitoa tawi moja halali. Mwaka uliofuata akaitwa tena, akaona ni kazi bure kuchimba ukuta mbali, akatoa soketi nyingine katika tawi lile. Kisha nyingine, na nyingine. Zikawa soketi nne zilizofuatana kama punda wa msafara, na ile ya kwanza, iliyokuwa na redio, ikawa ndiyo mlango wa zote.

Sasa tufanye hesabu. Birika la wati 3,000, pasi ya wati 2,000, hita ya wati 2,000 na maikrowevu ya wati 1,200, jumla yake ni wati 8,200. Tukigawanya kwa volti 240, twapata ampea 34. Hizo zote zilipita katika waya uwezao ampea 24. Na breka? Breka ya ampea 32 imetengenezwa isijikate hata ikipitishwa ampea 36 kwa muda wa saa nzima. Haina budi kujikata ndani ya saa moja zifikapo ampea 46 hivi. Kwa hiyo ampea zile 34 zingeweza kupita usiku kucha pasipo breka kutikisika. Ganda la waya hupata joto, hulainika, hukauka, hatimaye hupasuka. Ongeza skurubu moja iliyolegea, kama ile aliyoikuta mzee wetu, na moto umekwisha pata makao. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hapo kinga zilikuwa mbili, waya uliolemewa na skurubu iliyolegea.

NJIA NNE ZILIZO HALALI

Mwenye kutaka soketi zaidi ana njia nne zisizo na lawama.

Ya kwanza, na iliyo rahisi, ni kuondoa soketi ya plagi moja na kuweka ya plagi mbili mahali pake. Hakuna waya mpya utakaohitajiwa, ila kisanduku cha ukutani hupanuliwa.

Ya pili ni kutoa tawi moja lenye soketi moja, kama tulivyokwisha eleza.

Ya tatu ni kutoa tawi lianzalo na kisanduku cha swichi chenye fyuzi ya ampea 13. Hapo fyuzi ndiyo mlinzi. Hata soketi zikiwa tatu au nne baada yake, zikilemewa, fyuzi itaungua kabla ya waya. Njia hii hufaa sana kwa meza ya kusomea, redio, televisheni na chaja za simu. Haifai kwa birika na hita pamoja.

Ya nne, ambayo mafundi hodari huipenda kupita zote, ni kuirefusha pete yenyewe. Fundi huzikata nyaya za pete mahali pamoja, akapeleka nyaya kwenda kwenye soketi mpya na nyaya za kurudi, hata soketi hiyo ikawa juu ya pete kama ndugu zake. Gharama ya nyaya huzidi kidogo, lakini baada yake mtu halazimiki kukumbuka lipi ni tawi na lipi si tawi.

USIHESABU NYAYA TU

Watu wengine hudhani ya kuwa soketi ikifunguliwa na kuonekana kwa macho, mambo yote yamejulikana. Sivyo. Soketi yenye waya mmoja wa moto ni mwisho wa tawi, nayo haifai kutoa kitu. Soketi yenye nyaya tatu za moto kwa kawaida iko juu ya pete na imekwisha toa tawi, imetosha. Lakini soketi yenye nyaya mbili za moto ndiyo ihadaayo watu. Huenda ikawa juu ya pete, na huenda ikawa katikati ya mnyororo mbovu kama ule wa rafiki yangu. Umbo lake ni lile lile. Hapana njia ya kuyapambanua ila kupima.

Jambo jingine lijificialo ni pete iliyokatika. Waya ukichomoka katika soketi moja, soketi zote zitaendelea kufanya kazi, maana kila moja bado ina upande mmoja uletao umeme. Taa ya friji itawaka, redio itaimba, wala hakuna atakayelalamika. Hata hivyo pete imekwisha geuka kuwa mikia miwili, na breka ya ampea 32 sasa yalinda nyaya zenye njia moja. Pete iliyokatika hailii. Kwa hiyo kabla ya kuongeza soketi yo yote, fundi hana budi kwanza kuhakikisha ya kuwa pete ni nzima.

KAZI YENYEWE

Kwanza, umeme huzimwa kwa swichi kuu, si kwa breka moja tu, na sanduku hufungwa kwa kufuli au huwekwa kibao cha onyo, mtu asije akauwasha kwa kutojua. Watu wa nyumbani wote waambiwe, hata watoto.

Pili, fundi huhakikisha ya kuwa umeme umekufa. Hukijaribu kipimo chake mahali anapojua pana umeme, kisha hupima mahali pa kazi, kisha hukijaribu tena mahali penye umeme. Kipimo kilichoharibika huonyesha ya kuwa hakuna umeme hata ukiwapo, na wengi wamepata ajali kwa kukiamini. Ile bisibisi yenye taa ndogo si ya kutegemea roho ya mtu.

Tatu, njia ya nyaya ukutani ipande wima au iende sawa kutoka kwenye soketi, isikate pembe. Mtu atakayepigilia msumari wa picha miaka kumi ijayo atakisia ya kuwa waya umepanda juu ya soketi au umekwenda kando yake. Hatakisia ya kuwa umepita kishazari. Nyaya zilizo moja moja zipite ndani ya bomba, wala zisizikwe tupu katika plasta.

Nne, nyaya zivuliwe ganda kwa uangalifu, shaba isikwaruzwe. Waya wa moto na wa kurudisha visibadilishane. Msomaji ajue ya kuwa rangi ni za namna mbili: katika nyumba nyingi nyekundu ni moto na nyeusi ni ya kurudisha, katika nyaya za mtindo mpya kahawia ni moto na buluu ni ya kurudisha. Waya wa ardhi ni kijani, au kijani na manjano. Uingereza ilibadili rangi za nyaya za ukutani kati ya mwaka 2004 na 2006, kwa hiyo katika nyumba iliyoongezwa nyaya mara mbili waweza kukuta rangi zote pamoja. Rangi zisiaminiwe mpaka zimepimwa.

Tano, kisanduku cha chuma nacho kiungwe na waya wa ardhi. Kila skurubu ikazwe imara, kisha kila waya uvutwe kwa mkono kuona kama umeshika. Kuvuta huku huchukua nukta chache tu. Kukosa kuvuta ndiko kulikoikausha soketi ya rafiki yangu.

VIPIMO BAADA YA KAZI

Fundi aondokaye baada ya kuwasha redio na kusema, "Yafanya kazi," hajamaliza kazi. Umeme ukiwa bado umezimwa, huzifungua ncha mbili za pete sandukuni na kuzipima kwa mita. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 huwa na ukinzani wa omu 0.0074 hivi kwa kila mita. Basi pete ya mita 60 itasoma kama omu 0.44 kutoka ncha hata ncha. Waya wa moto na wa kurudisha husoma karibu sawasawa. Mita isiposoma kitu, pete imekatika.

Kisha huiunga ncha ya kwanza ya waya wa moto na ncha ya pili ya waya wa kurudisha, na zile mbili zilizobaki vivyo hivyo, akapima kila soketi baina ya moto na kurudisha. Soketi zote za juu ya pete zitasoma karibu sawa, katika mfano wetu omu 0.22. Soketi ya tawi lenye mita 8 itasoma zaidi, kama 0.34. Kwa njia hiyo nyumba yote hujulikana: ipi ni pete, ipi ni tawi, na ipi ni mnyororo uliofichwa.

Mwisho hupima maganda ya nyaya kwa kipimo cha volti 500, vyombo vyote vikiwa vimechomolewa. Ukinzani usipungue omu milioni moja. Katika nyaya mpya huwa mkubwa zaidi sana.

Yafaa pia sandukuni pawe na swichi ikatayo umeme uvujao, ya milliampea 30. Breka hulinda waya usiungue. Swichi hii humlinda mtu. Umeme ukimpitia mtu kwenda ardhini, hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ina kidude cha kujaribia. Kibonyezwe japo kila miezi sita. Lakini swichi hiyo haioni waya uliolemewa, wala skurubu iliyolegea. Asiwepo atakayesema, "Mimi ninayo, basi nitafunga nipendavyo."

VISIVYOPASA KUPEWA PETE

Shawa iletayo maji moto papo hapo huweza kuvuta wati 5,500, nazo ni ampea 23. Chombo kama hicho kipewe njia yake kutoka sandukuni, na waya mnene na breka yake. Jiko kubwa la umeme na tangi la kuchemshia maji navyo ni vivyo hivyo. Bafuni pasiwekwe soketi ya kawaida hata kidogo. Na ekstensheni isigeuzwe kuwa kitu cha daima kilichopita chini ya zulia. Mahali inapohitajiwa kila siku ndipo panapohitaji soketi.

Juu ya hayo, bei rahisi isimpofushe mtu. Madukani huuzwa nyaya ambazo shaba yake ni ya kupakwa tu juu ya aluminiamu, au ni nyembamba kuliko maandishi yaliyo juu ya ganda. Nunua zenye alama ya ubora ya KEBS, tena katika duka unaloweza kurudi ukidai haki yako.

MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Mwenye nyumba amwulize fundi wake kwa adabu maswali matano. Je, una leseni, nami naweza kuiona? Je, umeipima pete na kuona ni nzima? Soketi hii mpya itakuwa juu ya pete, au ni tawi? Ikiwa ni tawi, limetoka wapi, na je, mahali hapo si tawi pia? Na baada ya kazi, utaniandikia vipimo ulivyovipata? Fundi atakayekasirika kwa maswali hayo, afadhali aende zake na malipo ya nauli, kuliko kubaki na kazi yake ukutani.

Rafiki yangu aliyauliza yote. Mzee yule aliukata mnyororo, akairefusha pete mpaka jikoni na sebuleni, akaacha tawi moja tu kwa ajili ya redio. Alipomaliza alichukua kalamu, akachora ramani ndogo ya nyumba na kuonyesha pete inakopita, akaibandika ndani ya mlango wa sanduku la fyuzi.

"Mimi ni mzee," alisema. "Siku moja ataitwa mwingine. Na yeye ajue."

Jioni yake yule mtoto alikwenda nyuma ya kiti, akaweka kiganja chake juu ya ukuta, akakaa kitambo akisikiliza kwa mkono. Halafu akarudi kwa mama yake akasema, "Sasa ni baridi." Nasi tukanywa chai.